Usalama na Afya Kazini kwa Watumishi wa Afya Tanzania Bara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu waganga, wauguzi, wataalamu wa maabara na mionzi, wahudumu wa afya, wasafishaji na wachoma taka wa hospitali, vituo vya afya na zahanati za Tanzania Bara, za umma na za binafsi. Zanzibar ina sheria yake, yaani Sheria Na. 8 ya 2005 ya Usalama na Afya Kazini, na mfumo wake wa fidia. Kwa hiyo yale yanayohusu sheria hapa chini yasichukuliwe moja kwa moja na watumishi wa Unguja na Pemba, ingawa yale ya kitabibu hayabadiliki kwa kuvuka bahari.

Ni sheria zipi hasa zinazogusa usalama wangu kazini?

Sheria mama ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la OSHA. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya viwanda na migodi peke yake, kama baadhi ya wamiliki wa zahanati wanavyopenda kuamini. Wodi, chumba cha kujifungulia, maabara na chumba cha kufulia ni mahali pa kazi kama palivyo kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Pembeni yake zipo nyingine: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 kwa wanaofanya kazi na mionzi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kwa upande wa taka, na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007. Juu ya hizo kuna miongozo ya Wizara ya Afya ya kinga na udhibiti wa maambukizi, ambayo ndiyo hasa inayoeleza kazi ya kila siku ifanyike vipi.

Zahanati yetu ina watu wachache tu. Je, nayo inapaswa kusajiliwa OSHA?

Ndiyo. Leseni ya kutoa huduma za afya haichukui nafasi ya usajili wa mahali pa kazi, kwa kuwa leseni humlinda mgonjwa na usajili wa OSHA humlinda anayemhudumia mgonjwa huyo.

Nimechomwa na sindano iliyotumika. Nianze na lipi?

Acha unachofanya, mkabidhi mgonjwa kwa mwenzako, kisha osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilikamue, usilinyonye, wala usimimine klorini au spiriti kali juu yake. Tabia ya kukamua damu imeenea sana wodini, lakini haina faida inayojulikana na inaweza kuumiza zaidi ngozi inayozunguka jeraha. Ikiwa damu au majimaji ya mwili yameruka machoni, suuza kwa maji safi mengi au kwa maji ya chumvi ya hospitali. Yakiingia mdomoni, tema na usukutue mara kadhaa.

Baada ya hapo, mjulishe msimamizi wa zamu papo hapo, si wakati wa kukabidhiana zamu na wala si kesho yake asubuhi. Dawa kinga za VVU, ambazo wengi huziita PEP, hufaa zaidi zinapoanzwa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2, na hazitolewi baada ya saa 72 kupita. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Kwa kawaida ni mchanganyiko uleule wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir uliopo katika kliniki ya huduma na matibabu ya kituo chochote kinachohudumia wanaoishi na VVU, kwa hiyo visingizio vya kukosekana kwa dawa usiku vinapaswa kuchunguzwa: mara nyingi dawa ipo, na kilichokosekana ni ufunguo wa kabati. Uongozi makini huhakikisha dozi za kuanzia zinapatikana mahali panapofunguliwa saa zote 24, mathalani wodi ya wazazi au chumba cha dharura.

Kwa nini mimi niliyechomwa nipimwe VVU siku hiyohiyo? Je, si mgonjwa ndiye anayepaswa kupimwa?

Wote wawili, na kila mmoja kwa sababu yake. Kipimo cha mgonjwa husaidia kuamua kama dawa ziendelee. Kipimo chako cha siku ya tukio kina kazi mbili: kwanza, kinahakikisha kwamba hupewi dawa kinga wakati tayari unaishi na VVU na unahitaji matibabu kamili, pili, ndicho ushahidi pekee utakaoonyesha baadaye kwamba siku ulipochomwa hukuwa na maambukizi. Mtumishi anayekuja kupimwa kwa mara ya kwanza miezi 6 baada ya tukio, akakutwa na maambukizi, atapata shida kubwa kuthibitisha kwamba aliyapata kazini, hata kama wenzake wote wanaikumbuka siku hiyo. Baada ya kipimo hicho cha mwanzo hufuata vingine, kwa kawaida baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3, na katika kipindi hicho unashauriwa kutumia kondomu na kutotoa damu.

Kuhusu ukubwa wa hatari, kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa huleta maambukizi kwa takribani watu 3 kati ya 1,000. Virusi vya homa ya ini B vinaambukiza kwa urahisi zaidi: kwa mtu asiye na kinga, uwezekano ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea hali ya mgonjwa. Hata hivyo katika vituo vingi hofu yote huelekezwa kwenye VVU, na homa ya ini husahaulika hadi mtu aanze kuumwa.

Mgonjwa akikataa kupimwa, au akiwa hajulikani, itakuwaje?

Ridhaa yake ni lazima iheshimiwe, na kuchukua damu yake iliyobaki maabara na kuipima kwa siri ni kosa la kimaadili ambalo haliwezi kutetewa kwa kusema kwamba aliyechomwa ni mwenzetu. Mara nyingi mgonjwa hukubali akielezwa kwa upole na mtu mwingine ambaye si yule aliyechomwa. Akikataa, au sindano ikiwa imetoka kwenye mfuko wa taka na haijulikani ni ya nani, uamuzi hufanywa kwa kuangalia aina ya jeraha na mazingira yake, na dawa kinga huanzwa pale ambapo hatari inaonekana kuwa halisi. Majibu yako mwenyewe ni siri vilevile. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya hali yake ya VVU, na mganga mfawidhi hana haki ya kuyasoma majibu hayo katika kikao cha asubuhi.

Je, chanjo ya homa ya ini B ni ya lazima kwetu, na nani anailipia?

Kila mtumishi anayeweza kugusa damu anapaswa kuwa amechanjwa, wakiwamo wasafishaji na wanaochoma taka, ambao kwa bahati mbaya ndio huachwa nje ya orodha. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo watumishi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Dozi ni 3: ya kwanza siku unayoanza, ya pili baada ya mwezi 1 na ya tatu baada ya miezi 6. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho inafaa kupima kiwango cha kinga pale kipimo kinapopatikana, kwa sababu wapo wachache ambao miili yao haiitikii chanjo. Gharama ni ya mwajiri, kwa kuwa hatari inatokana na kazi aliyokupa. Tunza kadi yako kama unavyotunza cheti cha taaluma, na ukihama kituo nenda nayo. Rejesta za chanjo za watumishi zina tabia ya kupotea pindi msimamizi wa zamani anapohamishwa.

Kwa nini tunakatazwa kurudisha kifuniko cha sindano?

Kwa sababu mkono ulioshika kifuniko ndio unaochomwa. Sindano na bomba lake vitumbukizwe pamoja, bila kutenganishwa, kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali kilichowekwa mahali unapoweza kukifikia bila kutembea. Kisanduku hufungwa kikijaa robo tatu na hakimwagwi ili kitumike tena. Ikitokea sababu ya kitabibu inayolazimu kurudisha kifuniko, kiweke mezani na ukichote kwa ncha ya sindano, ukitumia mkono mmoja tu.

Vifaa kinga vimekwisha. Je, niendelee kumhudumia mgonjwa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na majibu ya mkato hayamsaidii mkunga aliye peke yake usiku huku mama amefikia hatua ya kusukuma mtoto. Sheria imeliweka jukumu la kutoa vifaa kinga kwa mwajiri, na si sahihi kuwatoza watumishi fedha za glovu au kuwageuza kuwa wanunuzi wa barakoa zao. Kwa dharura ya kuokoa maisha, tumia kinga bora iliyopo: aproni ya plastiki, glovu ndefu zilizobaki, miwani ya kawaida ikiwa hakuna ya kinga. Kwa huduma isiyo ya dharura, kama vile kubadilisha kidonda kinachoweza kusubiri saa chache, ni halali kitaalamu kuahirisha hadi vifaa vipatikane, mradi umemweleza mgonjwa na umemjulisha msimamizi.

Muhimu zaidi ni kuandika. Katika kitabu cha taarifa za zamu andika tarehe, saa, kifaa kilichokosekana, uliyemjulisha na alivyojibu. Malalamiko ya mdomo kwenye korido yana maisha mafupi sana. Mkaguzi akija baada ya miezi kadhaa hatayakuta, na uongozi unaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba haukuwahi kuambiwa. Kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi nayo haiwezi kuagiza kiasi sahihi cha vifaa ikiwa upungufu haujawahi kuonekana popote kwenye maandishi.

Klorini ichanganywe vipi, na itumike wapi?

Kwa damu iliyomwagika na nyuso zilizochafuka hutumika mchanganyiko wa asilimia 0.5. Ikiwa dawa ya dukani ina nguvu ya asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji. Soma lebo kwanza, kwa kuwa nguvu hutofautiana na hesabu hubadilika. Funika damu kwa kitambaa au karatasi ya kunyonya, mimina mchanganyiko, acha dakika 10, kisha safisha. Mchanganyiko huandaliwa upya kila siku.

Klorini haichanganywi na dawa za vyoo zenye asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu, na ajali za aina hiyo huwapata wasafishaji ambao hakuna aliyewaeleza. Kuhusu ile desturi ya kuloweka vifaa vya upasuaji kwenye klorini kabla ya kuviosha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 hauipendekezi tena: huharibu vifaa na huwapa watumishi imani isiyo na msingi kwamba kilicholowekwa kimeshakuwa salama.

Tunajikingaje na kifua kikuu katika wodi isiyo na mashine yoyote?

Kwa madirisha. Hewa inayoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili hupunguza vimelea vinavyoelea kuliko wengi wanavyodhani, na haina bili. Panga viti ili upepo utoke kwako kuelekea kwa mgonjwa, si kinyume chake. Mgonjwa anayekohoa atenganishwe foleni mapema na apewe barakoa ya kawaida. Mtumishi avae ile ya N95, kwa kuwa barakoa ya upasuaji huzuia matone ya anayeivaa lakini haichuji vizuri hewa anayoivuta. Mtumishi mwenyewe akikohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi kama angemwelekeza mgonjwa wake, badala ya kujitibu kwa antibiotiki za kabatini.

Mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg ulibadilisha nini kwa mtumishi wa kawaida?

Mlipuko wa kwanza nchini ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 mkoani Kagera na ukamalizika rasmi tarehe 2 Juni mwaka huohuo, na watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Mwingine ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025, safari hii wilayani Biharamulo, mkoa huohuo. Kabla ya ugonjwa kupewa jina, wagonjwa wa namna hii hupokelewa kama watu wenye homa, kutapika na kuharisha, yaani wanafanana na wagonjwa wa malaria wa kila siku. Vazi kamili la kujikinga huletwa baada ya tangazo. Aliyempokea mgonjwa wa kwanza alikuwa na glovu, sabuni na mazoea yake tu. Ndiyo maana tahadhari za msingi hutakiwa kwa kila mgonjwa, hata yule unayemfahamu kutoka mtaani kwenu.

Ninafanya kazi chumba cha eksirei. Kipimo cha mionzi ninachovaa kina maana gani?

Kinarekodi mionzi uliyopokea, na husomwa chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti (uniti ya kupimia mionzi) 20 kwa mwaka katika miaka 5 mfululizo, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kipimo kivaliwe kifuani, chini ya aproni ya risasi, na kisiachwe kikining'inia ndani ya chumba cha mashine, kwani hapo kitapima ukuta na si wewe. Una haki ya kuonyeshwa matokeo yako. Ukiwa mjamzito, toa taarifa mapema ili kazi ipangwe upya kwa lengo la kumlinda mtoto tumboni asipokee zaidi ya milisiveti 1 kwa kipindi kilichobaki cha ujauzito.

Je, zamu ndefu nazo ni suala la usalama?

Ni suala la usalama, kwa sababu mikono iliyochoka ndiyo inayochomwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kikomo cha saa 12 kwa siku ikijumlisha saa za ziada, na mapumziko ya saa 12 kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Mjamzito hapangiwi kazi za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, katika miezi 2 ya mwisho kabla ya kujifungua. Dharura zina nafasi yake katika sheria hiyo. Lakini upungufu wa watumishi unaojirudia kila mwezi kwenye ratiba ile ile hauwezi tena kuitwa dharura.

Wasafishaji wetu wameajiriwa na kampuni ya nje. Wakichomwa, ni jukumu la nani?

Kwa upande wa fidia, mwajiri wao ni kampuni, nayo ndiyo inayopaswa kuwa imejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na kuwachangia. Kwa upande wa tiba, hilo halina mjadala: aliyechomwa ndani ya kituo huoshwa, hupimwa na huanzishiwa dawa kinga papo hapo, na mabishano ya mkataba yaje baadaye. Kituo nacho hakiwezi kunawa mikono, kwani sindano iliyomchoma msafishaji ndani ya mfuko mweusi wa taka za kawaida iliwekwa humo na mtumishi wa kituo. Taka zinazoambukiza huenda kwenye mfuko wa njano, zile zenye uambukizo mkubwa kwenye mwekundu, na vyenye ncha kali haviwekwi kwenye mfuko wa rangi yoyote. Mkataba mzuri wa usafi hutaja kwa majina chanjo, buti, glovu nzito na mafunzo. Mingi tunayoiona hutaja sabuni na fagio tu. Wanafunzi walio kwenye mazoezi kwa vitendo nao wapewe huduma ileile ya dharura, na chuo pamoja na kituo vikubaliane kwa maandishi, kabla hawajaingia wodini, nani atabeba gharama.

Nikiumia au nikiugua kutokana na kazi, fidia hupatikanaje?

Kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohudumia sekta ya umma na ya binafsi Tanzania Bara na ulioanza kulipa mafao tarehe 1 Julai 2016. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye hati yako ya mshahara, uliza. Wanaokumbuka utaratibu wa zamani, ambapo fidia ya ulemavu wa kudumu haikuzidi shilingi 108,000, wataelewa kwa nini mabadiliko haya yalisubiriwa kwa hamu.

Mafao yanajumuisha gharama za matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda, hadi miezi 24, pensheni ya kila mwezi kwa ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, malipo ya mkupuo kwa ulemavu ulio chini ya hapo, utengamao, na mafao ya wategemezi pale mtumishi anapofariki. Haihitajiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kinachohitajika ni kuonyesha kwamba jeraha au ugonjwa umetokana na kazi, na hapo ndipo rejesta ya ajali, kipimo cha siku ya tukio, kadi ya chanjo na taarifa ya zamu vinapoacha kuwa karatasi za kumridhisha mkaguzi. Kifua kikuu, homa ya ini na VVU vimo katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani ya 2010, lakini orodha haikuombei fidia. Kumbukumbu zako ndizo zinazokuombea.

Mwajiri anasita kutoa taarifa kwa kuogopa ukaguzi. Nifanye nini?

Mwajiri anatakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate taarifa ya ajali. Mpe taarifa yako kwa maandishi, ukabaki na nakala iliyosainiwa au kugongwa muhuri wa mapokezi. Akikaa kimya, unaweza kwenda mwenyewe, au kupitia chama chako cha wafanyakazi kama vile TUGHE, katika ofisi ya WCF au ya OSHA ya mkoa au kanda. Madai yasiachwe yapitilize miezi 12.

Mkaguzi wa OSHA akifika, huangalia nini?

Ana mamlaka ya kuingia, kuhoji watumishi, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya kurekebisha kasoro, au ya kusimamisha shughuli yenye hatari ya wazi. Ataomba cheti cha usajili, majina ya wawakilishi wa usalama na afya, taarifa za uchunguzi wa afya za watumishi, rejesta ya ajali na mpango wa dharura ya moto. Rejesta tupu kabisa katika hospitali yenye wodi ya upasuaji haimfurahishi mkaguzi mzoefu. Itamfanya aanze kuuliza wauguzi mmoja mmoja, tena bila msimamizi kuwapo.